Mada ya Wifi

Jumapili, 2 Februari

Wifi yangu,

Salamu kutoka porini. Barua hii anakuletea dereva wa kituo, anayeleta sampuli za udongo kwenye maabara yenu, kwa hiyo ikikufikia inanuka mbolea usishangae. Simu huku inashika ukipanda juu ya tangi la maji, na magoti yangu siku hizi yamegoma.

Kazi ni ile ile. Tunachimba, tunapima, tunasubiri mvua, tunachimba tena. Nilipopata utafiti huu nilijiambia nakaa kidogo tu nipate jina kisha narudi. Jina nimelipata, makala zimechapishwa, ila kurudi ndiko sikuoni. Nimechoka kula na watu wale wale tunaoulizana joto la udongo. Nataka kufundisha. Nataka kulala nyumba moja na Mama nimsikie mwenyewe akikohoa, si kuhadithiwa.

Wewe uko hapo hapo chuoni, kwenye idara hiyo hiyo ya udongo, na hakuna mlango usioupita. Hebu nitegee sikio. Ikitokea nafasi yoyote, ya kufundisha au ya utafiti, hata ya kufuta ubao, niambie kabla wengine hawajaamka.

Kaka ananiandikia kwamba umenawiri. Nimefurahi. Nyumba hiyo wanapika vizuri, namjua aliyewafundisha watu wake. Na chumba changu bado kipo?

Wifi yako wa porini

*

Jumatano, 12 Februari

Wifi,

Barua imefika, harufu na yote. Bahasha iliandikwa ije kwangu lakini kaka yako aliifungua mezani akaisoma kwa sauti kabla sijavua viatu. Akifika kwenye kichekesho anarudia mara mbili. Mama akafuta machozi uliposema habari ya kikohozi.

Kuhusu kazi, nikudanganye ili iweje? Chuoni ni ukame mtupu. Idara yenyewe imebaki na projekta moja, tunaigombea kama watoto. Mimi ninayekujibu bado ni mhadhiri wa muda, kila mwaka wa masomo ukiisha nasubiri kuitwa nisaini upya. Nikisikia lolote utakuwa wa kwanza kujua. Lakini kwa sasa ningekuwa wewe ningetulia hapo nilipo, maana watu wanatafuta utafiti kama huo wako kwa udi na uvumba.

Kunawiri ni neno la kaka yako. Maana yake nguo zimenibana. Chumba chako kipo, nimeweka cherehani humo. Na aliyewafundisha watu kupika alishaniachia jiko tangu mwaka nilioolewa.

Wifi yako

*

Jumapili, 23 Februari

Wifi mpenzi,

Dereva wetu si mtu wa kunakili. Aliona tangazo kwenye ubao wa getini pale maabara, akaona limeandikwa udongo, akalibandua lote na pini zake akaniletea. Kama huko mnashangaa mbona waombaji ni wachache, sababu iko mezani kwangu.

Mhadhiri wa sayansi ya udongo, ajira ya kudumu. Liliwekwa Januari. Barua yako ya ukame ni ya Februari, na ubao ule unaupita asubuhi na jioni. Nimelisoma mara nyingi nikitafuta mahali ambapo macho yako yangeweza kuteleza. Sijapaona, herufi ni kubwa mno.

Maombi yangu nimeshayatuma kwa dereva huyo huyo. Wasifu, vyeti, makala, na barua za wadhamini watatu. Nimekwambia wewe kwanza, kama ulivyoahidi kunifanyia mimi.

Wifi yako wa porini

*

Jumamosi, 1 Machi

Wifi,

Ndiyo, nililiona. Nililiona linabandikwa, hata mbandikaji aliniomba nimshikie pini. Sikukwambia kwa sababu nafasi hiyo naiona ni yangu, na nimeiomba.

Nafundisha mwaka wa kwanza kwenye ukumbi ambao kipaza sauti kilikufa zamani. Nasahihisha mitihani ambayo wakubwa hawataki kuiona. Anayeumwa, mimi ndiye nashika kipindi chake, na anayesafiri vile vile. Mkuu wa idara amenieleza bila kuzunguka: akipatikana mtu wa kudumu, wa muda hatuhitajiki tena. Mkataba wangu unaishia Juni, na safari hii hauna kusaini upya. Wewe ukikosa unabaki na kituo chako na jina lako. Mimi nikikosa narudi nyumbani kukaa na kutazamwa.

Na kwa kuwa umeyaanza, ngoja niyamalize. Unajua ninavyokula chakula cha jioni katika nyumba hii? Narudi miguu imevimba, nakaa, naanza kusimulia siku yangu. Kaka yako ananitazama kwa upole kabisa, kisha ananiuliza kama nimeisoma ile makala mpya ya dada yake. Mama anaitikia, mwanangu huyo, tangu utotoni anachimba tu. Basi meza nzima inahamia porini. Picha yako ya mahafali iko sebuleni juu ya redio. Yangu iko chumbani, nyuma ya mlango, na mlango ukifunguliwa haionekani.

Nakupenda, sikatai. Lakini nakuonea wivu mpaka chakula kinapoteza chumvi, na nimechoka kukuonea wivu kimya kimya.

Wifi yako

*

Jumatatu, 10 Machi

Wifi,

Afadhali umesema. Na mimi nina yangu.

Unalalamika umekaa nao mezani. Mimi meza hiyo sina. Mama alipolazwa mwaka jana niliambiwa ameshatoka, anakula uji, nisihangaike. Aliyemshika mkono ni wewe. Aliyemwogesha ni wewe. Nilipokuja likizo alikuwa akishtuka usingizini anaita jina lako, nami nimelala kitanda cha pembeni, mimi niliyemtoka tumboni. Nikainuka, nikampa maji, akaniambia asante mgeni wangu. Utani, najua. Niliumia hivyo hivyo.

Umempata kaka yangu, umempata mama yangu, umepata chumba changu ukakiwekea cherehani. Sasa na kazi pia? Jina ninalo, sawa, ila jina halimwogeshi mtu.

Nadhani nawe umepokea barua ya usaili. Tumebaki wawili. Wameniandikia na ile desturi ya idara yenu aliyoianzisha profesa wenu wa kwanza, yule mnayemwita Babu Udongo. Kila mwombaji ampangie mwenzake mada ya mhadhara wa majaribio, aifunge kwenye bahasha, ampe mkuu wa idara. Asubuhi ya usaili unafungua uliyopangiwa, unapewa saa moja ya kujiandaa, kisha unasimama mbele ya jopo na wanafunzi. Babu aliamini kwamba anayejua pa kumbana mwenzake ndiye anayelijua somo. Sawa kwa watu wasiojuana. Sisi tunajuana mpaka saizi ya viatu.

Sikuombi unihurumie. Na mimi sikuahidi kitu.

Wifi yako wa porini

*

Ijumaa, 28 Machi

Wifi,

Mada yako nimeshaikabidhi. Usiniulize, nami sikuulizi.

Njoo ufikie nyumbani, ukifikia kwingine Mama ataumwa. Cherehani nimeitoa, godoro nimelianika. Mama anadhani nafasi ziko mbili na kila mmoja anakwenda kuchukua yake, na kaka yako amemwacha adhani hivyo. Yeye mwenyewe anatembea ndani ya nyumba kama mtu aliyevunja sahani. Tukiwa humo tuzungumze habari za mvua.

Wifi yako

*

Jumatatu, 14 Aprili

Wifi,

Nimefika salama. Tuliagana vizuri mbele ya Mama, tukakumbatiana na kila kitu. Sasa Mama hayupo.

Nilipofungua bahasha yangu na kusoma "Takwimu: kukadiria kosa katika kuchukua sampuli za udongo", nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia. Kumbukumbu ikanirudisha garini, Kaka aliponipokea stendi. Alikuwa amefurahi, masikini. Akaniambia, "Mke wangu anakupenda bwana. Wiki nzima anaulizia habari zako tu, mpaka kama bado unakimbia hesabu." Akacheka. Nami nikacheka. Sikujua nacheka nini.

Ni kweli nilizikimbia hesabu. Nikiwa chuoni nililia kwenye mtihani wa takwimu, na Kaka hajaacha kuitumia hadithi hiyo kuchangamshia wageni. Asilolijua ni kwamba hapa kituoni tuna mama mmoja wa takwimu, sisi tunamwita Bi Hesabu, na kwa muda mrefu sasa kila baada ya chakula cha mchana ananikalisha na kunifundisha kama mtoto wa chekechea. Sikumwambia Kaka kwa makusudi, maana angekuambia wewe. Nilitaka siku moja ulione jambo hilo tayari limeiva.

Kwa hiyo nilisimama nikafundisha. Ulilenga pale ulipodhani pana kidonda, ukakuta pameshapona. Lakini kwamba ulilenga, hilo nimelibeba mpaka huku.

Ila si hilo linaloninyima raha. Wanaruhusu kukaa nyuma kumsikiliza mwenzako, nami nilikaa. Nilikupangia viumbe hai wa udongo. Mada yako. Nyungunyungu, kuvu, wadudu wasioonekana, vile vitu ulivyowahi kumweleza Mama kule bustanini na jembe mkononi mpaka akasahau kupalilia. Nilikaa nikijua nakwenda kukusikia ukipaa. Ukaanza kwa kuomba radhi. Ukatumia muda wote kuweka mipaka ya mada, ukajibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza, na kila mwanafunzi alipoinua mkono ulirudi nyuma hatua moja. Nyungunyungu hukuwataja kabisa. Ulipatwa na nini?

Wifi yako wa porini

*

Alhamisi, 24 Aprili

Wifi,

Nilipatwa na wewe.

Wiki zile zote nilikuwa nakesha na kemia ya madini ya udongo wa mfinyanzi, kwa sababu hapo ndipo mimi ni dhaifu, na nilikuwa na hakika hapo ndipo utakaponigonga. Mimi ningekugonga. Nilikuwa nimeshakugonga. Nilipofungua bahasha nikakuta viumbe hai, sikuamini. Nikaigeuza karatasi nyuma. Nikajiuliza, huyu ananipa uwanja wangu mwenyewe kwa nini, kuna shimo gani kalichimba humu? Saa nzima ya maandalizi sikuandika hata mstari mmoja wa somo, nilikuwa natafuta shimo. Lazima amegundua utafiti mpya unaopinga ninayofundisha. Lazima amempa mmoja wa jopo swali la kunimaliza. Nilipoingia ukumbini nilikuwa najibizana na wewe, si na wanafunzi. Ulinipa chai nami nikaitafutia sumu mpaka ikapoa.

Naomba usifurahi sana kwa hili. Au furahi, mimi ndivyo ningefanya.

Leo mkuu wa idara ameniita ofisini. Amefunga mlango mwenyewe, na kwa kawaida huwa anauacha wazi. Nafasi ni yako. Barua yako ya ajira inaandikwa. Amesema nilikuwa na nafasi kubwa kuliko nilivyojua, kwamba jopo lilikuja likiwa upande wangu, na hawakuelewa kwa nini mtu anayefundisha mada ile kila mwaka aliogopa kuigusa. Sikumweleza. Ningeanzia wapi?

Nimerudi nyumbani nimempa Mama habari. Ameuliza, na yako je? Nikasema yangu imechelewa kidogo.

Nakupongeza kwa sababu ni lazima, na kidogo kwa sababu unastahili. Hicho kidogo ndicho kinachoniuma zaidi. Nina wivu, wifi. Nimelitafuta neno jingine lenye heshima, nimelikosa. Kwa nini ulinipa mada ile? Kama ni wema niambie nijue nikulipeje, maana huo wema sina pa kuuweka.

Wifi yako

*

Jumapili, 4 Mei

Wifi,

Haukuwa wema. Usinipandishe.

Nilitaka nikushinde ukiwa umesimama mahali pako pazuri kabisa. Ningekupa mada ngumu ningeshinda, halafu ningesikia nyumbani maisha yangu yote: alimbana, alibahatisha, mke wa mtu alikuwa amechoka. Nilitaka ufundishe mpaka ukumbi usimame, halafu mimi nifundishe zaidi yako, Kaka akiwa nje kwenye gari anasikia makofi na kupima mwenyewe. Na Mama aambiwe. Nilikupenda vya kutosha kukupa mada yako, na nilikuonea wivu vya kutosha kutaka kukunyang'anya ukiwa umeishika. Sijui kama unaelewa. Nadhani wewe peke yako ndiye unayeweza kuelewa.

Sikushinda kitu. Nilimshinda mtu aliyekuwa hayupo.

Kazi sitaikataa, kama umekaa unangojea hilo basi inuka. Ila sikiliza. Nikiondoka hapa nafasi yangu inabaki wazi. Mtafiti wa udongo, mashamba ya majaribio, nyumba ya vyumba viwili, na hakuna mtu atakayekubebesha kipindi cha mgonjwa. Wanamtaka anayejua viumbe hai kuliko mimi, wamechoka na vipimo vyangu vya chumvi. Tangazo limebandikwa jana. Nimelibandua, ndilo hilo ndani ya bahasha, na mkuu wa kituo anazunguka anauliza nani mwizi. Safari hii mimi ndiye wa kwanza kukwambia.

Barua ya udhamini nitakuandikia kama utaitaka. Itakuwa nzuri mno, utakasirika.

Wifi yako wa porini

*

Jumamosi, 23 Agosti

Wifi,

Barua yako ya udhamini nilionyeshwa na mkuu wa kituo. Nilikasirika, kama ulivyosema.

Nimezoea. Usiku wa kwanza nililia kwa sababu ya ukimya, wa pili nikalala kama gogo. Nyungunyungu wa shamba la juu ni wanene kama vidole vyangu, nimempigia Bi Hesabu kelele shambani mpaka akaja mbio akidhani ni nyoka. Ananifundisha takwimu baada ya chakula cha mchana, kwenye kiti chako. Anasema ulikuwa mzito kuliko mimi. Nimemwomba aliandike hilo, amekataa.

Kaka yako alikuwa mgumu kuniachia, unajua. Alisema nyumba itakuwaje. Nikamwambia dada yako anarudi, itakuwa kama ilivyokuwa kabla yangu. Narudi kila mwisho wa mwezi, na ajabu ni kwamba siku hizi ananiandikia. Barua ndefu, kurasa mbele na nyuma. Miaka yote tumelala kitanda kimoja sikujua kama mwanamume huyu ana maneno. Jana nimepokea moja anataka kujua nyungunyungu wanakula nini, na anauliza kama mtu anayetaka jibu.

Nimejikuta sina cha kukuonea wivu wiki nzima. Nimekitafuta, sijui mwenye wivu akiishiwa anafanya nini na jioni yake. Niambie ukumbi unaendaje. Simama karibu na dirisha la kushoto, sauti inarudi vizuri pale.

Wifi yako wa porini

*

Jumanne, 9 Septemba

Wifi,

Dirisha la kushoto nimeliona, asante. Sauti imenikauka hivyo hivyo.

Kazi naipenda, sitaki udhani najuta. Mama anakohoa upande wa pili wa ukuta wangu na mimi nainuka. Akishtuka usingizini bado anaita jina lako, lakini nikiingia na maji anakunywa.

Nataka kukusimulia jana. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, binti mkimya anayekaa nyuma kabisa, aliinua mkono akaniuliza: udongo ukichoka, unajuaje kama umechoka au umekufa? Sijawahi kuulizwa swali zuri hivyo tangu nianze kuchimba. Nilirudi nyumbani nimelibeba njia nzima, nimelishika kama kitu cha kumpelekea mtu. Miguu imevimba, nimekaa mezani, nikaanza, "Leo darasani kuna binti mmoja..."

Kaka akanitazama kwa upole kabisa. Akasema, "Umesikia wifi yako wamemkabidhi mashamba yote ya juu?" Akatoa barua yako mfukoni. Mama akasogeza kiti. Akasema, "Yule ana mkono, akigusa kitu kinaota." Kaka akasoma mpaka kwenye nyungunyungu na Bi Hesabu, akapaona panachekesha, akaparudia mara mbili. Walicheka vizuri. Hawakuwa na ubaya hata kidogo, ningeuona ubaya ningejua la kufanya. Swali la binti hakuna aliyekumbuka kuniuliza. Nilimaliza kula, nikaosha vyombo, nikaingia chumbani nikakaa kitandani sijawasha taa.

Wifi, nijibu ukweli. Kesho yake ulikuwa unarudije mezani?

Wifi yako